Kibaraza Kina Mwenyewe
Mhadhara kuhusu blogu na mazungumzo ya fikra mtandaoni

Wamo humu walioingia kwa kuwa mvua imewakuta njiani. Hao wa mvua nawapenda zaidi, maana hawakuja kukubaliana nami.

Tangazo la mhadhara huu lilipobandikwa, mwanafunzi mmoja alinisimamisha ngazini. "Shikamoo, mwalimu. Hivi blogu bado zipo?" Nikamjibu, "Marahaba. Zipo, ila hazina wageni." Akacheka, nami nikacheka, kila mtu akaenda zake. Usiku nikaona nimemdanganya kidogo. Blogu nyingi zilikufa zikiwa na wageni tele, na baadhi ya zile zilizoishiwa wageni ndizo ninazozirudia mpaka leo ninapotafuta hoja iliyokamilika. Swali la kijana yule lilitaka jibu refu kuliko ngazi zile.

Naanzia kibarazani. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu, na Mji wa Kale wa Mombasa, nyumba nyingi zina kibaraza cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta, upande wa njiani. Amekijenga mwenye nyumba kwa mali yake, lakini wanaokikalia ni majirani, wapita njia, wauza kahawa na wacheza bao. Mgeni hahitaji kupiga hodi ili aketi. Hata hivyo kila anayeketi anajua ameketi kwa nani. Akisikia ndani mna mgonjwa hupunguza sauti. Matusi huyameza, kwa kuwa nyuma ya dirisha wapo wenye masikio. Na siku mwenye nyumba akiamua kukizungushia nondo kibaraza chake, waliokuwa wakiketi hawana la kumdai.

Blogu ni kibaraza cha namna hiyo, na neno nililokuja kulisema leo ni moja. Ubora wa blogu kwa mazungumzo ya fikra, na upungufu wake, vyote viwili vinatoka mahali pamoja: ina mwenyewe. Anayetaka ubora huo hana budi kulipa gharama yake. Na anayeikimbia gharama, kama tulivyofanya wengi tulipohamia kwenye makundi ya simu, ajue pia anachokiacha nyuma.

Waliojibizana kabla yetu

Kizazi changu kilipenda kujisifu kwamba blogu ndiyo iliyompa msomaji wa Kiswahili nafasi ya kujibu. Tulijisifu bure. Gazeti la Mambo Leo lilianza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, likiwa gazeti la serikali ya kikoloni, na wasomaji wakalijaza barua na mashairi yao. Mtu wa pwani aliuliza kwa ubeti, mtu wa bara akamjibu kwa ubeti katika toleo la baadaye. Kujibizana kwa shairi kulikuwa desturi ya Waswahili kabla hata ya mtambo wa chapa. Gazeti liliupanua uwanja tu. Lakini mlango wa uwanja huo ulikuwa na bawabu. Mhariri ndiye aliyechagua nani aingie, na gazeti la mtawala halikuwa mahali pa kuuliza kila swali.

Chukueni mfano mwingine, ambao wanafunzi wa fasihi mnaujua: mjadala wa mashairi huru. Mwaka 1954 Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani isiyojifunga kwa vina na mizani. Miaka miwili baadaye Mulokozi na Kahigi wakatoa Malenga wa Bara. Wanaoshikilia vina na mizani wakajibu kwa makala na katika makongamano, na Ibrahim Noor Shariff akajibu kwa kitabu kizima, Tungo Zetu, mwaka 1988. Hesabuni: kati ya Kichomi na Tungo Zetu ni miaka 14.

Mazungumzo ya mwendo ule yalikuwa na heshima yake. Aliyejibu alikuwa amesoma anachokijibu, amekilalia na kukiamkia. Ila yalikuwa mazungumzo ya waliopata mchapishaji. Mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa na neno zuri la kuongeza mwaka 1975, asiye na jina wala nauli ya kwenda kongamanoni, alibaki nalo moyoni mwake.

Basi msomaji alipoingia mtandaoni aliikuta desturi ya kujibu ikiwa imekomaa tayari. Kilichokuwa hakipatikani ni mlango usio na bawabu, na ule ndio blogu ilioufungua.

Enzi ya libeneke

Huko Marekani neno lenyewe lilianza kutumika Desemba 1997, mwandishi Jorn Barger alipouita ukurasa wake weblog, yaani daftari la mtandaoni. Mwaka 1999 ikatoka Blogger, huduma iliyomwezesha mtu asiyejua chochote kuhusu programu za kompyuta kuandika, kubonyeza, na kusomwa. Mabadiliko makubwa yalikuwa hapo. Gharama ya kuchapisha iliteremka mpaka ikalingana na gharama ya kukaa mbele ya kompyuta nusu saa.

Kwetu nusu saa hiyo ilikuwa na bei. Nakumbuka kafe ya intaneti niliyokuwa nikienda, feni moja kwa mashine kumi. Niliandika nyumbani kwa kalamu, kwenye daftari la mistari, nikakata na kurudia, kisha nikaenda kafe kunakili tu, maana dakika zilihesabiwa. Maoni ya wasomaji niliyasoma wiki iliyofuata. Sikujua wakati ule kwamba umaskini huo ulikuwa unanifanyia kazi ya mhariri: hasira ya Jumatatu ilikuwa imepoa Jumamosi.

Blogu ya Kiswahili iliyotutoa usingizini ilikuwa Jikomboe ya Ndesanjo Macha, iliyoanza mwaka 2004. Ndesanjo alikuwa akiandika makala gazetini, na aliishika blogu kama mtu anayejenga lugha na uwanja kwa pamoja. Wengine walilisema neno blogu, wengine wakapendelea gazeti tando. Alifanya pia kazi kubwa katika Wikipedia ya Kiswahili, na aliwashawishi wengine wafungue blogu zao. Mmoja wao alikuwa mpigapicha wa magazeti, Muhidin Issa Michuzi, aliyeifungua yake Septemba 2005 akiwa Helsinki, Finland, kwa msaada wa Ndesanjo.

Mnaikumbuka Michuzi Blog. Mwenyewe aliiita Globu ya Jamii. Yeye alikuwa Ankal, wasomaji walikuwa wadau, na kazi yenyewe ilikuwa kuendeleza libeneke, yaani kusukuma shughuli mbele. Msizidharau lakabu hizi. Ankal ni mjomba, na nyumba ya mjomba ina taratibu zake ingawa hazikuandikwa mlangoni. Mtanzania aliyeko Reading au Houston alifungua asubuhi kuona nani kaoa, nani kafiwa, mvua imeikata barabara gani. Chini ya picha ya barabara iliyogeuka mto, wadau waliweza kubishana juu ya makandarasi mpaka usiku.

Zilikuwepo pia blogu za mwendo mwingine. Profesa Joseph Mbele, mwanazuoni wa fasihi simulizi aliyefundisha Minnesota, aliandika katika Hapa Kwetu juu ya vitabu alivyosoma na watu aliokutana nao, kwa Kiswahili kisicho na haraka. Chambi Chachage katika Udadisi aliweka hoja ndefu za historia na uchumi wa nchi, pamoja na makala za watu wengine, kiasi kwamba ukurasa ule ulifanana na jarida dogo. Evarist Chahali aliandika Kulikoni Ughaibuni kutoka Uskoti. Walitofautiana kwa siasa na kwa ladha. Kilichowaunganisha ni kwamba kila mmoja alikuwa na anwani yake, na ukitaka kubishana naye ulijua pa kumkuta.

Nguvu ya kuwa na mwenyewe

Kwa nini anwani ni jambo kubwa? Kwanza, mwenye anwani ana kesho. Nilichoandika mwaka 2007 kipo pale pale, na tarehe yake juu. Mtu anaweza kuja leo akaniambia, "Mwalimu, mbona mwaka ule ulisema kinyume?" Swali hilo ndilo linalomfunza mwandishi uangalifu. Anayejua maneno yake yatahamishwa na mkondo kabla jua halijazama hana sababu ya kuyapima.

Pili, mwenye nyumba hukata kitambaa kwa kipimo cha hoja yake. Gazeti lina safu na safu ina urefu. Mitandao iliyofuata ikahesabu hata herufi, na Twitter ilianza na 140. Katika blogu hoja ya maneno 300 ilisimama kwa 300, na ile iliyohitaji 3,000 ilipewa 3,000. Kuna mawazo yasiyoweza kusemwa kwa ufupi bila kugeuka uongo. Ukisema "muungano", "ardhi", "lugha ya kufundishia", ukapewa sentensi mbili tu, utakachotoa ni bendera ya upande wako.

Tatu, na hapa ndipo penye siri, blogu ilijibu kwa kiungo. Nikikupinga niliandika kwangu, nikaweka kiungo kinachompeleka msomaji wangu kwako ili akusome wewe mwenyewe. Hii ni adabu ya kale kwa vazi jipya: kumpa mpinzani nafasi ya kusikika kabla hujamjibu. Mwaka 2015 mwanablogu wa Iran, Hossein Derakhshan, aliandika juu ya jambo hili kwa uchungu. Alifungwa mwaka 2008 kwa sababu ya maandishi yake, akatoka baada ya miaka sita, akakuta mitandao ya kijamii imetawala na kiungo kimepoteza heshima. Maandishi hayakuwa tena dirisha la kuonea nyumba nyingine. Kila mtandao ulitaka msomaji abaki ndani yake.

Nguvu hizi tatu zikikutana, matokeo yanaweza kuwa ya ajabu. Mfano bora ninaoujua unatoka kwa wanahisabati. Januari 2009 Tim Gowers wa Cambridge, mshindi wa nishani ya Fields, aliuliza katika blogu yake kama hisabati inaweza kufanywa na kundi kubwa, hadharani. Akaweka tatizo mezani. Nalisema kwa lugha ya mchezo: fikirini ubao wa miraba mitatu kwa mitatu, lakini wenye pande nyingi mno badala ya mbili. Ukijaza sehemu fulani ya miraba yake, hata iwe ndogo, hutaweza kukwepa kupata mstari kamili mmoja, mradi pande ziwe nyingi za kutosha. Jambo hilo lilikwisha kuthibitishwa mwaka 1991 kwa njia ngumu. Gowers alitaka njia iliyo ya moja kwa moja zaidi.

Akatoa masharti. Changia wazo dogo, hata kama halijaiva. Usijifungie chumbani kisha ukarudi na jibu zima. Kuwa mpole. Katika siku 37 watu 27 waliandika maoni kama 800, yenye maneno 170,000 hivi. Walikuwemo mabingwa kama Terence Tao, naye mwenye blogu yake, na alikuwemo pia mwalimu wa sekondari. Njia ikapatikana, na mwaka 2012 ikachapishwa katika jarida la Annals of Mathematics kwa jina la pamoja, Polymath.

Tazameni kilichofanya kazi pale. Kulikuwa na mwenyeji anayeheshimika, swali lililoelezwa vizuri, masharti yaliyotangazwa mapema, na mgeni aliyepimwa kwa hoja yake. Kumbukeni pia kilichowashinda. Maoni yalipozidi, aliyechelewa wiki moja hakujua aanzie wapi, ikabidi wafungue pembeni tovuti ya aina ya Wikipedia ili kupanga kilichokwisha kupatikana. Blogu ililizaa wazo, ila kulihifadhi kulihitaji chombo kingine.

Gharama ya kuwa na mwenyewe

Sasa niingie upande wa pili, nami nianze kwa kujishtaki.

Miaka hiyo ya kafe niliandika makala juu ya methali ya wanamaji: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele. Kuhusu ngama nikaandika kwa uhakika wote wa msomi kwamba ni bandari, nikaipamba methali kwa falsafa ya mtu anayerudi nyumbani. Msomaji asiyetaja jina akaniandikia sentensi mbili. Alisema amefanya kazi jahazini, na kwamba ngama ni chini ndani ya chombo, pale maji yanapojikusanya na mabaharia wanapoyafua. Hata ukizunguka mbele na nyuma, kazi itakurudisha pale.

Alikuwa sahihi. Kamusi iliyokuwa rafuni kwangu ilimuunga mkono. Nikafanya nini? Nikarekebisha makala, nikafuta maoni yake. Nilijidanganya kwamba hayana maana tena kwa kuwa kosa limekwisha. Miaka baadaye nikaona mtu ameninukuu mahali fulani, akinisifu kwa kuieleza methali ile vizuri.

Huo ndio upungufu wa kwanza: mwenye kibaraza ni mwamuzi wa kesi yake mwenyewe. Mhariri wa gazeti angenilazimisha kuchapa masahihisho. Mimi hakuna aliyenilazimisha. Msomaji alikuja na elimu ya mikono yake, nami nikaifyonza na kumfuta yeye. Ukiyatazama mazungumzo mengi ya blogu kwa jicho hili utaona kwamba hayakuwa mazungumzo ya watu sawa. Mmoja alikuwa juu, kwa herufi kubwa na jina lake. Wengine walikuwa chini, kwa herufi ndogo.

Upungufu wa pili ni kwamba kibaraza hakistahimili umati. Nendeni Kenya, mwisho wa mwaka 2007. Desemba 30, matokeo ya urais yalipotangazwa na ghasia kuanza, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Mwanasheria Ory Okolloh, aliyekuwa na blogu iitwayo Kenyan Pundit, akawa anapokea taarifa kutoka kwa wasomaji na kuziweka hadharani. Kwa siku kadhaa nyumba ya mtu mmoja ilibeba mzigo wa vyumba vya habari. Kwa kuwa alikuwa na jina na historia, watu walimwamini. Lakini mtu mmoja hawezi kusoma, kupima na kuchapisha habari za nchi nzima. Januari 3, 2008 aliandika wazo la kuziweka taarifa hizo kwenye ramani, na wenzake, wengi wao wanablogu, wakaijenga tovuti ya Ushahidi katika siku chache. Zaidi ya watu 1,000 waliuawa katika ghasia zile.

Mwezi ule ule, jukwaa la Wakenya liitwalo Mashada lilifungwa na mwanzilishi wake, David Kobia, kwa kuwa matusi ya kikabila yalikuwa yamewazidi waangalizi. Kobia huyo huyo alikuwa miongoni mwa waliojenga Ushahidi. Somo ninalolipata hapo ni chungu kwa pande zote mbili. Nyumba ya mmoja ilielemewa na wingi wa wema, uwanja wa wengi ukaelemewa na wingi wa chuki. Palipohitajika ni mahali penye wenyeji wengi waliokubaliana kazi.

Upungufu wa tatu: mwenye anwani anajulikana anapokaa, hata na asiyemtaka. Machi 2018 Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwanablogu awe na leseni. Ada zilikuwa shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni, na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Adhabu ya kukiuka ilianzia faini ya shilingi milioni 5, au kifungo cha miezi 12, au vyote viwili. Ada hizo zilipunguzwa baadaye. Lakini fikirini nani alizimwa. Mwenye blogu ya matangazo na udhamini aliweza kupiga hesabu akalipa. Mwalimu anayeandika juu ya methali mara mbili kwa mwezi, bila senti ya mapato, alifunga mlango kimyakimya. Katika uwanja wa fikra, yule asiyepata faida ndiye tunayemhitaji zaidi, na ndiye wa kwanza kuondoka ada ikija.

Wa nne nitausema kwa ufupi: nyumba hufa na mwenyewe. Nenosiri likipotea, malipo ya anwani yakikatika, kampuni iliyokupangisha nafasi ikibadili nia, miaka kumi ya maandishi na maoni hutoweka bila msiba. Tuna nakala za Mambo Leo ya mwaka 1923 kwenye maktaba. Blogu ngapi za Kiswahili za mwaka 2006 mnaweza kunionyesha leo?

Tulikohamia

Wageni hawakuondoka kwa kuwa wamechoka kuzungumza. Julai 1, 2013 Google ilifunga Google Reader, programu iliyomkusanyia msomaji maandishi mapya ya blogu zote alizozifuata. Kwa watu wengi njia ya kutembeleana ilikatika siku ile. Simu zenye bando la bei nafuu zikaja na Facebook na WhatsApp zikiwa tayari ndani, na kutoka nje ya hizo kukawa kunagharimu zaidi. Tukahama.

Sitayatukana makundi ya WhatsApp. Yana joto. Ndimo michango ya misiba inamokusanywa. Mzee asiyejua kuandika anatuma sauti, na mama mwenye duka anachangia huku akipima unga. Blogu haikuwahi kuwafikia hao, na hilo ni doa lake: ilikuwa ya mwenye kusoma sana na kuandika sana. Lakini kundi la simu lina wanachama 200 na halina ukuta wa kuegemea. Swali lililojibiwa vizuri Machi linaulizwa upya Juni, kana kwamba hakuna aliyewahi kulifikiri. Ujumbe unakuja "umesambazwa mara nyingi", bila mama wala baba. Admini anaweza kumtoa mtu, lakini hakuna anayeweza kumrudisha mtu kwenye alichosema mwaka jana. Na aliye nje ya kundi hajui hata kwamba mazungumzo yalikuwepo.

Kwa hiyo siwaambii mrudi kwenye mwaka 2006. Nawaomba mgawanye kazi. Gumzo lifanyike kwenye simu, maana ndiko watu waliko. Hoja ikishaiva, mmoja wenu aibebe na kuipeleka nyumbani: aiandike kwa urefu wake mahali penye anwani wazi, ataje aliosikia kwao, aweke viungo vya wanaompinga, kisha airudishe kwenye kundi kama kiungo. Wakija wenye kumsahihisha, masahihisho yabaki chini ya makala yakiwa na jina lao. Idara ya chuo kama hii tuliyomo ifanye kazi ya maktaba, iombe ruhusa za wenyewe na kuhifadhi nakala za blogu za Kiswahili kabla hazijazimika. Na pale inapowezekana nyumba iwe na wenyeji watatu au wanne, ili mmoja akiugua, au akiona haya, wengine waulinde mlango.

Neno "haya" nimelichagua makusudi. Niliyemfuta hakuwa mtukanaji. Alikuwa mtu aliyenizidi. Mwenyeji hupimwa hapo. Kumtoa mlevi kibarazani hakuhitaji moyo mkubwa. Kumwacha aketi mgeni aliyekushinda, mbele ya majirani, ndiko kunakohitaji moyo.

Wiki iliyopita, nikiuandaa mhadhara huu, nilifungua blogu yangu ya zamani. Kwa bahati bado ipo. Maoni ya baharia yule hayawezi kurudi, na sina njia ya kumtafuta. Nimeandika mistari mitatu chini ya makala ile: kwamba niliikosea maana ya ngama, kwamba nilisahihishwa na mtu aliyefanya kazi jahazini, na kwamba maneno yake niliyafuta mimi. Nimezunguka tezi na omo karibu miaka 20, na nimerudi kufua maji.

Yule kijana wa ngazini namwona amekaa nyuma pale. Zipo, mwanangu. Yangu nimeiacha wazi sehemu ya maoni.